Matungulu: tunda la njaa la Rwenzori na ukali uliofika maabara

Juni 28, 1887, watu 389 waliondoka Yambuya, kando ya mto Aruwimi, wakaingia msitu wa Ituri. Wengi wao walikuwa Wangwana walioandikwa kazi Unguja miezi michache kabla, wakasafirishwa kwa meli kuzunguka kusini mwa Afrika hadi mdomo wa mto Kongo, kwa sababu kiongozi wao, Henry Morton Stanley, alikuwa ameamua kumfikia Emin Pasha, gavana wa Equatoria, kutokea magharibi. Chakula kiliwaishia njiani. Wakaishi kwa kuokota: uyoga, maharage ya porini, tunda walilolibandika jina la fenesi kwa kulifananisha na la kwao, na tunda jingine jekundu, refu kidogo, chachu, ambalo Stanley analitaja mara kwa mara katika kitabu chake cha 1890 kwa jina la amoma.

Msomaji wa Kyarumba au Bwera, huku Kasese, Uganda, hahitaji kuchorewa picha ya tunda hilo. Waganda huliita matungulu, Watooro na Wanyankole huliita amatehe. Mmea wake una majani marefu yanayozidi kimo cha mtu, hupenda kingo za misitu na mabonde yenye unyevu, na kituko chake ni kwamba hauzai juu. Ua na tunda hutokea chini kabisa, usawa wa udongo, kana kwamba mtu amevichomeka hapo. Ukilipasua ganda jekundu unakuta nyama nyeupe yenye uchachu mtamu, imejaa mbegu ndogo nyeusi zinazong'aa.

Hii ndiyo tangawizi mwitu ya kwetu, ingawa jina hilo lataka uangalifu. Tangawizi ya chai, ile inayouzwa sokoni Mpondwe na kila mji wa Afrika Mashariki, asili yake ni Asia, na hakuna mahali popote duniani ilipowahi kuthibitishwa kuota porini yenyewe. Imelimwa muda mrefu mno hata karibu imesahau kuzaa mbegu. Huendelezwa kwa kupanda vipande vya shina lake la chini ya udongo. Kwa hiyo anayesema ameona tangawizi mwitu kwenye miteremko ya Rwenzori ameona jamaa yake wa Kiafrika. Mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Karl Schumann, ndiye aliyewatenga jamaa hao mwaka 1904 katika jenasi yao wenyewe, Aframomum, na leo inahesabiwa kuwa na spishi zaidi ya hamsini, zote za Afrika na visiwa vya jirani.

Msafara wa Stanley wenyewe ulipita chini ya milima hii wakati wa kurudi. Juni 1889 Luteni William Stairs alipanda Rwenzori kutoka upande wa Semliki mpaka zaidi ya mita 3,000, akashuka na mimea ambayo Emin Pasha, daktari aliyependa sana elimu ya viumbe, aliikagua na kuitaja majina. Mwezi huohuo msafara ukafika Katwe, kwenye ziwa la chumvi ambalo sasa limo wilayani Kasese. Baadaye, mwaka 1908, mtaalamu mwingine wa Kijerumani, Johannes Mildbraed, aliyeandamana na msafara wa Duke wa Mecklenburg, alikusanya mimea kwenye miteremko ya magharibi ya mlima, na spishi moja ya Aframomum ikapewa jina lake. Wazungu walikuwa wakiandika majina. Wenyeji, ambao majina walikuwa nayo zamani, hawakuulizwa sana.

Wala si binadamu peke yake aliyeugundua mmea huu. Katika msitu wa Kibale, kaskazini mwa Kasese, watafiti wakiongozwa na Richard Wrangham walionyesha mwaka 1991 kwamba sokwe hutafuna moyo wa mashina ya mimea kama hii, na hufanya hivyo zaidi matunda ya porini yanapoadimika. Ni chakula cha akiba. Wapo wanaopenda kusema sokwe hula ili wajitibu. Mimi naona njaa inatosha kueleza.

Dawa, basi, inatoka wapi? Katika ukali. Mwaka 1879 Mwingereza John Thresh alitenga kiini cha ukali wa tangawizi akakiita jinjeroli. Miongo michache baadaye Mjapani Hiroshi Nomura akaeleza viini viwili zaidi, zinjeroni na shogaoli. Vyote ni ukoo mmoja. Tangawizi mbichi ina jinjeroli. Ukiianika, kiini hicho hupoteza maji na kugeuka shogaoli, iliyo kali zaidi, na ndiyo sababu unga wa tangawizi kavu huchoma koo kuliko kipande kibichi. Ukiipika sana, hupatikana zinjeroni, laini na yenye harufu tamu. Ulimi huvipokea viini hivi kwa mlango uleule unaopokea pilipili, mlango ambao mwanasayansi David Julius aliutambua mwaka 1997 na kushiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Faida iliyothibitishwa vizuri zaidi ni kupunguza kichefuchefu. Mwaka 1982 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Daniel Mowrey na Dennis Clayson: vijana 36 wepesi wa kutapika safarini walizungushwa kwenye kiti, na waliomeza unga wa tangawizi walistahimili muda mrefu kuliko waliopewa kidonge cha kawaida cha kuzuia kutapika. Majaribio ya baadaye ya kichefuchefu cha safari hayakukubaliana yote, lakini kwa wajawazito ushahidi umeendelea kuwa mzuri, kwa kipimo cha takriban gramu moja ya unga kwa siku. Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda amwulize daktari kwanza.

Na matungulu? Hapa historia imependelea upande mmoja. Ndugu yake wa Afrika Magharibi, Aframomum melegueta, aliuzwa Ulaya tangu Zama za Kati kama kiungo cha bei kubwa, na Wareno wakaliita pwani ya Malagueta lile eneo la Liberia ya leo. Waingereza wakaitia mbegu hiyo kwenye bia ili ionekane kali, mpaka sheria ya 1816 ikawapiga marufuku watengenezaji bia kuwa nayo. Mbegu zake zina jinjeroli, shogaoli na kiini kingine kiitwacho paradoli. Mwaka 2013 Wajapani waliwapa dondoo la mbegu hizo vijana wa kiume 19, na wale waliokuwa na mafuta ya kahawia mwilini, mafuta yanayochoma nishati ili kuleta joto, wakaonekana kutumia nishati zaidi. Kundi ni dogo, na ni vijana wenye afya. Wauzaji wa vidonge vya kupunguza unene hawakusubiri kundi kubwa.

Kyarumba inajulikana kwa kahawa ya arabika, inayokusanywa na ushirika wa Bukonzo Joint, na kahawa ina mizani, daraja na mnunuzi. Matungulu hayana hata kimoja kati ya hivyo, na mlaji wake hayali kwa ajili ya dawa: anafuata nyama chachu. Mbegu huzitema, au huzimeza nzima nzima, na mbegu isiyotafunwa hupita na ukali wake wote ndani.