Pamba Safi na Pamba Fifi

Mwanamke wa Unguja anaponunua kanga hasomi maandishi peke yake. Huipapasa, huinua pindo lake kwenye mwanga, na akiingiwa na shaka huchomoa uzi mmoja akauchoma. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa poliesta hujikunja, huyeyuka, na ukipoa huwa punje ngumu. Jaribio hilo nimelirithi kwa bibi yangu wala silidharau, kwani nguo ya pamba humwacha mwili apumue na ikichakaa hurudi udongoni. Lakini moto hautuambii uzi umetoka katika shamba la nani, wala aliyeuchuma alilipwa nini.

Hapo zamani pwani yetu ilisokota na kufuma wenyewe. Visahani vya udongo vya kusokotea uzi vimefukuliwa Kilwa na Shanga, na Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo za mji ule zilipelekwa hadi Misri. Karne nyingi baadaye ikaja merikani. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, merikebu za Salem, Massachusetts, zilishusha Unguja majora kwa majora ya kitambaa kizito kisichotiwa rangi, na jina la nchi likawa jina la nguo. Ilipendwa kwa kuwa ilidumu. Viwanda vilivyoifuma vilikuwa vya kaskazini, vyenye vibarua wa ujira. Pamba yenyewe ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini.

Huku kwetu shuka ilikuwa mikono minne na doti mikono minane, na kwa vipimo hivyo misafara iliyobebwa na Wanyamwezi na Wasukuma ilinunua pembe bara, na ilinunua watu. Yawezekana kabisa kwamba mtumwa aliyepanda mikarafuu Unguja alijifunga shuka ya pamba iliyochumwa na mtumwa mwenziwe ng'ambo ya Atlantiki, na hapana aliyemjua mwenzake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, merikani ya asili iliadimika. Wafumaji wa Uingereza na wa India wakaiga, na jina likabaki merikani hata nguo ilipotoka Bombay.

Wajerumani nao walitaka pamba yao. Nyuma ya Kilwa, katika nchi ya Wamatumbi, watu walilazimishwa kuilima kwa kiboko, na Julai 1905 huko Nandete walianza kuing'oa. Ndiyo iliyokuwa alama ya Maji Maji. Nalitaja hili kwa makusudi: pamba ile haikunyunyiziwa sumu za viwandani za leo. Kwa wanaopima nguo kwa usafi wa udongo na maji tu, ingefaulu mtihani.

Binza iko mbali na bahari, upande wa Maswa, katika mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012 na unaoongoza nchini kwa pamba. Usukumani pamba hungoja mvua, haimwagiliwi, na huchumwa kwa mkono. Mkulima huitenga mafungu mawili: pamba safi, na pamba fifi iliyochafuka au kuliwa na wadudu. Baba zao waligombana na wanunuzi kwa sababu ya mizani, wakajiunga, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria chini ya Paul Bomani. Nadhani washairi wetu, waliosifu kanga kwa beti zisizo na hesabu, walistahili kuisifu mizani ile japo mara moja. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na Serikali, na mkulima akaanza tena kumwangalia mpimaji kwa jicho la pembeni.

Adui wake mwingine ni funza wa vitumba, na kwa ajili ya funza huyo amebeba bomba la dawa mgongoni, mara nyingi bila kifuniko cha pua. Ndipo lilipo fundisho la Meatu, wilaya ya mkoa huohuo, ambako kampuni ya bioRe ilianza kilimo hai cha pamba mwaka 1994. Shamba hulishwa samadi, mazao hubadilishwa kwa zamu, na alizeti hupandwa katikati ya pamba ili wadudu waiendee hiyo. Mkulima huingia mkataba na hulipwa nyongeza juu ya bei ya soko. Kazi si nyepesi: palizi huongezeka, na upepo haujui mpaka wa shamba la jirani anayenyunyiza. Hata hivyo, hapo angalau afya ya udongo na malipo ya mchumaji vimeandikwa katika mkataba mmoja.

Pamba hiyo ikishachambuliwa, sehemu kubwa hufungwa marobota na kuvuka bahari ikiwa ghafi, kama pamba nyingi ya Tanzania. Nilimwuliza muuza duka mmoja wa Darajani pamba ya kanga niliyoishika imetoka wapi. Akageuza pindo, akasoma muhuri.

"India, maalim."

Nikamwambia nauliza pamba, siuliziI kiwanda.

"India," akarudia, akaikunja kanga yake.