Halima wa Kwihara: ugomvi wa jikoni uliobaki katika shajara

Agosti 25, 2022 ilitimia miaka 150 tangu David Livingstone alipoondoka Kwihara, karibu na Tabora, kwenda kwenye safari ambayo hakurudi. Kutoka Isevya hadi kwenye tembe alilokaa si mbali, na mtoto yeyote wa Tabora aliyepita shule amesikia habari zake: Stanley, vita vya Mirambo, kiu ya kutafuta chanzo cha Mto Nile. Lakini ukifungua shajara yake, iliyohaririwa na Horace Waller na kuchapishwa London mwaka 1874, ukasoma kurasa za miezi ile ya Kwihara, utakutana na jambo jingine kabisa. Utaikuta nyumba yenye jiko, maziwa yanayoganda, michezo ya watoto, na wanawake wawili waliokosana.

Historia kubwa ya mji wa Tabora inajulikana. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Kaze, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857 wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir. Mtemi Mirambo akapambana na Waarabu kuanzia 1871. Isike, mtemi wa Unyanyembe, nchi ya Tabora, akaangushwa na Wajerumani Januari 1893. Reli ikafika 1912. Wabelgiji wakauteka mji Septemba 1916. Burton mwenyewe alishangaa kuona jinsi Waarabu wa Unyanyembe walivyoishi vizuri, wakiwa na bustani kubwa na wakipokea mahitaji yao kutoka pwani kwa misafara. Kwa hiyo njia ya pembe na watumwa ilikuwa pia njia ya mapishi, na hilo hatulisemi vya kutosha.

Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone, aliagana naye Machi 14, 1872, akaenda pwani kumtafutia wapagazi. Wapagazi hao walifika Agosti 14. Kwa miezi mitano, mtu aliyezoea kuamka na kutembea alilazimika kukaa nyumbani, na ndipo macho yake yalipoanza kuona vitu vidogo. Aliandika kwamba walikuwa wakitengeneza jibini kwa ajili ya safari. Ilikuwa nzuri ila na uchachu, kwa sababu maziwa hugeuka upesi katika hali ya hewa ya huku, nao hawakutia dawa yoyote ya kugandishia: waliyaacha tu, na baada ya nusu siku yakawa mazito. Kwake hilo lilistahili wino. Kwa mama wa Kinyamwezi mwenye kibuyu chake cha mtindi, lilikuwa jambo la kila asubuhi, na sioni ubaya kusema wazi kwamba mgeni huyo alikuwa mwanafunzi katika jiko la watu waliomtangulia kujua.

Aliandika pia juu ya watoto. Aliona kwamba katika sehemu nyingi alizopita michezo yao ilikuwa kuiga kazi za wazazi: kujenga vibanda, kulima vijishamba, kuchonga pinde na mikuki. Kwingine wavulana walitengeneza bunduki za matete zenye kifyatuo, zikifyatuliwa hutoa vumbi la majivu mfano wa moshi. Au za udongo zenye mitutu miwili, na pamba badala ya moshi. Ukiwatazama watoto wa Isevya wakikata waya na vizibo vya chupa kutengeneza gari, utajua kwamba ufundi huo haujafa.

Kusoma nako kulikuwa na shida zake. Alipokuwa Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, aliisoma Biblia yote mara nne. Huko huko, mwaka 1871, karatasi zilipomwishia aliandika juu ya gazeti kuukuu la Kiingereza, akipitisha mistari yake juu ya maandishi ya chapa, kwa wino uliotengenezwa kwa rangi ya mmea. Gazeti lililokwisha kusomwa likawa daftari.

Sasa tumfikie Halima.

Stanley anamtaja tangu Ujiji, mwishoni mwa 1871. Alikuwa mpishi wa Livingstone na mke wa Amoda, mmoja wa watumishi wake. Kabla Stanley hajafika, Halima alikuwa na wasiwasi kwamba Livingstone hauthamini upishi wake. Alipoona jinsi wazungu hao wawili walivyokula, hakuweza kunyamaza: alikwenda huku na huku akiwasimulia waliokusanyika nje. Livingstone alikuwa amempata Manyema kutoka kwa wafanyabiashara, na kwa desturi ya wakati ule alihesabiwa bado kuwa mtumwa. Tulikumbuke hilo tunaposoma sifa zote zinazofuata.

Mwingine ni Ntaoeka. Alijiunga na msafara akiwa mwanamke mzuri asiye na mume, na Livingstone, ambaye hakupenda hali hiyo, akamtaka achague mmoja kati ya watumishi wake Chuma, Gardner na Mabruki. Ntaoeka alitabasamu tu. Chuma alisifika kwa uvivu, naye akajitetea kwamba alikuwa mvivu kwa kukosa mke. Mwishowe, wanawake wenzake nao wakitaka aolewe, alikubali kuwa mke wa Chuma. Tangu hapo, Livingstone anaeleza, alikuwa wa kwanza kuamka kwenye baridi ya asubuhi: kuwasha moto, kuchemsha maji, kutwanga, kuteka maji, kuleta kuni, kufagia, kupika.

Hapo msomaji wa kwetu anaona tatizo kabla halijaandikwa. Jiko moja, wanawake wawili hodari, mmoja mwenyeji wa siku nyingi na mwingine mgeni anayetangulia kuwasha moto. Walikosana, na Halima akaondoka.

Livingstone hakutuma askari. Alikwenda mwenyewe kwa Sultan bin Ali, mmoja wa wazee wa Kiarabu wa Unyanyembe, akaandika barua impate Halima njiani. Kumbe hakuwa na haja. Halima alirudi kwa miguu yake, akasimama nje. Alichotaka ni mwenye nyumba atoke amwambie aingie. Akatoka, akamwambia aingie, na kwamba wasigombane tena. Kisha akaandika maneno ambayo hakuwaandikia wengi: kwamba hakuwahi kumkemea hata mara moja, kwamba ni mwangalifu na mwerevu, haibi wala hamruhusu mumewe kuiba, na kwamba ndiye tegemeo kuu la msafara. Akampa nguo nzito ya baridi ajue hana kinyongo naye. Akaahidi kumwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani Unguja watakapofika.

Kwangu mimi hii ndiyo habari kubwa ya Kwihara. Mwanamke huyu alijua thamani yake, akajua pia namna ya kuidai: hakupiga kelele, alisimama mlangoni akasubiri kukaribishwa. Kila aliyekulia katika nyumba ya jamaa wengi anaielewa heshima hiyo. Tabora, mji wenye kumbukumbu za watemi na majemadari, ina wajibu wa kumwandika Halima ukutani pale tembeni kwa herufi kubwa kama za Stanley. Kama kuna mtu wa kumsimulia, ni sisi tunaokula michembe na karanga za nchi ile ile, na tunaosoma Kiswahili ambacho mitambo ya wamisionari ya Kipalapala ilikichapa kwa miaka mingi karne iliyopita.

Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Chuma na mtumishi mwenzake Susi, waliukausha mwili wakaubeba kurudi kwa njia ya Unyanyembe hadi pwani. Susi na Chuma baadaye walikwenda Uingereza kumsaidia Waller kuhariri shajara. Ni Waller huyo aliyeongeza maelezo mafupi chini ya habari ya ugomvi wa jikoni: kwamba Halima aliufuata mwili wa bwana wake mpaka Unguja, na kwamba ni jambo gumu kuona utumishi wake wa muda mrefu ukibaki bila malipo yoyote.