Gari la Wazi na Vichwa Vilivyobeba Petroli

Mwezi wa Agosti uliopita rafiki yangu mmoja wa Dar es Salaam alinialika nimsindikize Morogoro, ambako wenye magari ya kale walipanga kukutana siku ya Jumamosi, watazamane magari, wasifiane na wauziane vipuri. Gari lake ni Morris Minor la wazi, lenye turubai la kukunjwa, alilolirithi kwa marehemu baba yake. Mimi si mtu wa magari. Nimezaliwa mjini Unguja, penye vichochoro ambavyo gari halipiti, na sijapata kumiliki hata pikipiki. Nilikubali kwa sababu nyengine. Kwa muda nimekuwa nikisoma, kwa Kijerumani changu cha kujifundisha kwa kamusi, habari za gari la mwanzo kupita njia ile. Nilitamani kuipita nami bila ya paa, nipigwe na jua na vumbi kama waliotangulia.

Tarehe 10 Agosti 1907, Luteni Paul Graetz wa jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililoundwa na kiwanda cha Gaggenau, kusini ya Ujerumani. Liliundwa makusudi kwa safari hiyo: tumbo lake liliinuliwa mbali na ardhi ili lipite juu ya visiki na mawe. Njia yake ilikwenda Morogoro, Kilosa na Mpwapwa, ikashika ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, ikaingia Rhodesia, ikateremka hadi Johannesburg, ikakata jangwa la Kalahari. Alifika Swakopmund, kwenye ufukwe wa Bahari ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Zilikuwa siku 630. Mwaka uliofuata akatoa kitabu, na tangu hapo vitabu vya historia ya magari vinamtaja kuwa ni mtu wa mwanzo kuvuka Afrika kwa motokaa.

Hayo yote ni kweli, nami sina haja ya kumnyang'anya Graetz sifa yake. Kilichonikera ni swali dogo, ambalo mwenye gari yeyote angeliuliza kabla ya kuwasha moto: petroli alitia wapi?

Mwaka 1907 hapakuwa na kituo cha mafuta baina ya Dar es Salaam na maziwa makuu. Petroli na vipuri vilitangulizwa njiani, vikawekwa akiba kituo baada ya kituo, gari likawa linafuata. Na vilitangulizwa kwa nini? Kwa vichwa vya watu. Bara ya Tanganyika ilikuwa nchi ya mbung'o. Farasi, punda na ng'ombe wa kuvuta mikokoteni walikufa kwa maradhi ya mbung'o kabla ya kufika mbali, ndiyo maana biashara yote ya bara, pembe na vitambaa, shaba na ushanga, ilipita kwa karne nzima juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikadiriwa ratili 60 hivi. Petroli ni nyepesi kuliko maji: debe mbili, yaani lita 36, hazipungui sana ratili 60. Basi kila lita 36 zilizoungua katika injini ile zilikuwa ni mzigo wa mtu mmoja aliyetembea kwa miguu siku kadhaa mbele ya gari. Gari lililosifiwa kuwa litawapumzisha wapagazi lilivuka nchi kwa kubebwa nao.

Hapa niruhusiwe kutoka njiani kidogo, maana neno debe limenishika. Wenye asili ya Bara Hindi walituletea neno hilo, kama walivyotuletea neno gari lenyewe, na sisi wa pwani tukalitumia kwa bati la mafuta. Mafuta yalipokwisha bati lilibaki, likawa kipimo cha nafaka, ndoo ya maji, paa la kibanda, mwisho likawa ngoma. Mpiga debe wa kituo cha mabasi hana tena debe mkononi, ana sauti tu, na mwanasiasa anapigiwa debe na watu wasiowahi kuliona bati la petroli. Tulipopita kituo cha Msamvu, mlangoni mwa Morogoro, vijana walituita tupande basi la Dodoma, ijapokuwa tulikuwa ndani ya gari letu. Rafiki yangu alicheka. Mimi nilikuwa nikifikiri juu ya bati, na kichwa kilichokuwa chini yake.

Wapagazi hawakuwa mabubu. Miaka sita kabla ya Graetz kuondoka, mwaka 1901, Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na ndani yake Selemani bin Mwenye Chande anaisimulia mwenyewe safari yake ya biashara kutoka pwani kwenda bara. Lugha yake ni kavu, ya hesabu. Anatuonesha hongo inavyodaiwa, maneno yanavyobadilishana baina ya mkuu wa msafara na mkuu wa nchi. Kwa mtu wa tarjuma kama mimi, kuviweka vitabu hivi viwili mezani ni mtihani. Kile cha Mjerumani kinaitwa safari ya kishujaa. Cha Selemani kimewekwa rafuni pamoja na vitabu vya wanafunzi wa lugha. Kumbe ni njia zinazokutana, na mwenye kutangulia kuzipita ni Selemani.

Na njia zenyewe? Graetz aliondoka mwaka ambao moto wa Vita vya Maji Maji, vilivyowaka mwaka 1905 huko Umatumbi, ulikuwa ndio kwanza unazimika. Miongoni mwa vilivyowachosha watu ni kodi iliyowekwa mwaka 1898, pamba ya lazima, na kazi ya nguvu, na katika kazi hiyo ilikuwamo kufyeka na kutengeneza barabara. Vita hivyo vilipata mshairi wake wa pwani, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, na utenzi wake umetufikia. Barabara hazikupata utenzi. Zilipata motokaa.

Mwaka huohuo wa 1907 reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro, ikaendelea Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli, si gari, ndiyo iliyokuja kuuvunja msafara wa wapagazi.

Morogoro inakuja na milima yake kwanza. Uluguru unasimama kusini ya mji kama ukuta wa buluu, vilele vyake vikipita mita 2,600, na mawingu yanayokwama huko ndiyo yanayoulisha mto Ruvu, ambao maji yake wanayanywa watu wa Dar es Salaam. Karibu na mji wa leo palikuwa na mji wa Simbamwene, uliojengwa na Kisabengo kwa kuta imara na kurithiwa na binti yake. Stanley aliupita mwaka 1871, akaustaajabia. Aliporudi mwaka 1872 mafuriko yalikuwa yameubomoa ukuta wake. Msomaji wa Unguja na atazame mwaka huo tena: ni Aprili 1872 ambapo kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa minazi na mikarafuu. Masika yaleyale yalituadhibu sote, wa kisiwani na wa mlimani.

Mkutano wenyewe haukuwa mkubwa. Palikuwa na Volkswagen za kobe, Peugeot 404 mbili, na Land Rover iliyokuja kwa kuvutwa, jambo ambalo mwenyewe alilikanusha. Mazungumzo yalirudi mara kwa mara kwenye mashindano ya mwaka 1953, yaliyoanzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu mwaka 1960 yakaitwa East African Safari Rally. Mwaka ule wa kwanza Volkswagen ya Alan Dix na Johnny Larsen ndiyo iliyopoteza alama chache kuliko zote, na wenye kobe hawajalisahau. Neno letu safari likazunguka ulimwengu juu ya milango ya magari yaliyotapakaa matope. Mwaka 2003, kwa kutimia miaka 50, yakaanzishwa mashindano ya magari ya kale, nayo yakaja mpaka Tanzania.

Chini ya mwembe alikuwa ameketi fundi mmoja mzee, Mluguru. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipisha kwenye benchi. Nilimweleza habari za Graetz. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia:

"Mwanangu, babu yangu alikuwa mpagazi. Alikuwa na kovu hapa." Akajigusa utosini. "Nywele hazikuota. Sisi watoto tulikuwa tukiligusa tukacheka, naye akituacha."

Hakuongeza neno. Tukatazama magari.

Siku ya pili tulirudi. Karibu na Mikese injini ilichemka, moshi mweupe ukatoka, rafiki yangu akaegesha kando na kuufungua mfuniko wa mbele. Hatukuwa na maji. Mtoto wa kike wa miaka kumi hivi alikuwa akija kwa miguu kutoka upande wa kisimani, dumu la manjano kichwani, mikono ikining'inia bila kulishika. Alisimama, akatuamkia, akaulitua polepole kwenye majani. Tulitia nusu ya dumu katika rejeta. Rafiki yangu alitaka kumpa noti, lakini yeye alikuwa akililitazama lile turubai lililokunjwa nyuma, akauliza kama mvua ikinyesha huwa tunafanyaje. Nilimtwisha dumu lake. Hata nusu yake tu lilikuwa zito kuliko nilivyodhani.