Taa ya Oili Inapowaka: Namna ya Kutambua Chanzo cha Presha Ndogo katika Injini ya Gari la Zamani

Barabara Kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi, yenye urefu wa takribani kilomita 450, hupita Kibiti, Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji, Somanga na Nangurukuru, mahali wasafiri wa Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko wanapoiacha, kisha huendelea hadi Mchinga na Lindi mjini. Kati ya vituo hivyo yapo mapande marefu yasiyo na gereji. Dereva wa gari la zamani anayeona taa nyekundu ya oili ikiwaka katika mapande hayo hushawishika kujikongoja hadi mji unaofuata. Uamuzi huo ndio unaoua injini nyingi.

Oili husukumwa na pampu kutoka kwenye sampu, hupita katika filta, na kufika kwenye beringi za krenki shafti. Hapo hutandaza utando mwembamba unaozuia chuma kisikutane na chuma. Presha ikikosekana utando huo hukatika, na injini yaweza kunoki ndani ya dakika chache. Katika magari mengi taa hiyo huwaka presha inapokuwa imekaribia kwisha kabisa. Kwa hiyo haimwonyi dereva juu ya hatari ya kesho. Humwarifu kuwa hatari imekwisha kufika. Anapaswa kuegesha pembeni mahali salama, kuzima injini mara moja na kuweka pembetatu za tahadhari.

Hatua ya kwanza ni kupima kiasi cha oili. Gari liwe mahali tambarare, na injini ipoe kwa dakika kumi. Kijiti cha kupimia kifutwe, kirudishwe, kisha kichomolewe tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, iongezwe ya aina inayotakiwa, kisha chanzo cha upungufu kitafutwe: filta isiyokazwa vyema, nati ya kumwagia oili, gasketi iliyochoka au sampu iliyopasuka. Taa ikizimika baada ya kuongeza oili na injini haigongi, safari yaweza kuendelea kwa uangalifu huku kiwango kikipimwa mara kwa mara.

Hatua ya pili ni kuichunguza oili yenyewe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imeingiliwa na maji, ama kupitia gasketi ya silinda hedi iliyoungua, ama kwa gari kupita katika maji mengi. Jambo hili si geni kwa watumiaji wa barabara hii, ambayo ilikatika eneo la Somanga mwezi Mei 2024 kufuatia mvua kubwa na Kimbunga Hidaya. Oili inayonuka petroli au dizeli imechanganyika na mafuta na kupoteza uzito wake. Katika hali zote mbili injini isiwashwe tena; gari livutwe hadi gereji.

Hatua ya tatu ni kuhakiki iwapo taa inasema kweli. Hewa ya chumvi ya pwani hula nyaya na viungio. Ufunguo ukiwa umefunguliwa na injini imezimwa, fundi achomoe waya wa swichi ya oili. Taa ikiendelea kuwaka, waya umegusa bodi mahali fulani. Ikizimika, waya ni mzima. Tatizo liko kwenye swichi au presha kweli ni ndogo. Kubadilisha swichi kwa kubahatisha hakutoshi.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo hukumu, ni kupima presha kwa geji ya mkono inayofungwa mahali pa swichi, injini ikiwa imepata joto. Kila gari lina kipimo chake katika kitabu cha mtengenezaji. Kwa injini nyingi za Toyota za miaka ya 1980 na 1990, geji husoma angalau kilogramu 0.3 kwa sentimita ya mraba injini ikiwa silensa, na kuanzia 2.5 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika.

Usomaji huo huelekeza kwenye chanzo. Presha inayoshuka silensa pekee, injini ikiwa ya moto, na kupanda vizuri mafuta yanapokanyagwa, huashiria oili nyepesi mno au beringi zilizolika. Presha iliyo ndogo katika mizunguko yote huelekeza kwenye pampu iliyochoka, vali ya presha iliyokwama wazi, au sampu iliyobonyezwa na tuta hadi ikaziba mdomo wa kufyonzea. Inayoanza vyema, ikashuka mwendoni, kisha ikarejea baada ya mapumziko, yaelekea ni chujio la ndani ya sampu lililozibwa na tope la oili kuukuu. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini ni dalili ya beringi zilizokwisha.

Wamiliki wanashauriwa wasikubali injini ifunguliwe kabla ya kupimwa kwa geji, maana kufungua sampu ni kazi ya saa chache, ilhali ovahoo hugharimu fedha nyingi. Vilevile, kumimina oili nzito ili taa izimike huficha maradhi bila kuyaponya.

Oili chafu iliyomwagwa ihifadhiwe katika dumu lenye kifuniko na ikabidhiwe kwa wakusanyaji wenye kibali. Kuimwaga ardhini au kwenye mikoko ni kuchafua maji ambayo wavuvi wa Kilwa na Lindi huyategemea, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza uchafuzi wa mazingira.

Kabla ya safari ndefu, kijiti kichomolewe asubuhi injini ikiwa baridi, na lita moja ya akiba iwekwe ndani ya gari.