Kidonda cha Buruli: mikrobe moja, sumu tofauti

Kuna ugonjwa unaokula ngozi ya mutu mpaka unaweza kufika ku mufupa, lakini haumuumizi. Mutoto anaona kivimbe kidogo ku mukono, hakiumi, anaendelea kucheza. Wazazi nao hawashtuki. Kisha kivimbe kinapasuka, kinakuwa kidonda ambacho kingo zake zimechimbika chini ya ngozi. Ndio ugonjwa wa Buruli huo. Sisi hapa Congo tunao, hasa mu Kongo Central, upande wa Songololo na Kimpese. Historia yake inafaa tuijue, juu inaeleza namna ugonjwa mumoja unaweza kuwa mukali huku na mupole zaidi kule.

Mwaka wa 1897, Albert Cook, munganga mumisionere Mwingereza, aliona vidonda vya namna hii kwenye hopitali ya Mengo, Kampala. Lakini mikrobe yenyewe ilitambuliwa mbali sana na kwetu. Mwaka wa 1948, MacCallum na wenzake huko Australia walieleza wagonjwa 6, wengi wao wa eneo la Bairnsdale, jimbo la Victoria. Waliona bakteria ya ukoo mumoja na ile ya kifua kikuu na ile ya ukoma. Ikaitwa Mycobacterium ulcerans. Mu miaka ya 1960 wagonjwa wengi wakaonekana Buruli, karibu na Ziwa Kyoga, Uganda, na jina la Buruli likabakia. Waaustralia wengine wanasema bado "kidonda cha Bairnsdale". Majina mawili, mikrobe moja. Je, ugonjwa nao ni sawasawa?

Jibu lilianzia Uganda. Mwaka wa 1965, Connor na Lunn walitazama nyama ya wagonjwa chini ya mikroskopi, wakaona kitu cha ajabu: nyama ilikuwa imekufa hata mahali bakteria haziko. Wakawaza kwamba bakteria hizo zinatoa sumu inayosambaa. Wengi walikuwa hawaamini, juu ndugu zake, ile ya kifua kikuu na ile ya ukoma, hazijulikane kwa sumu ya namna hiyo. Ikapita miaka 34. Mwaka wa 1999, kundi la Pamela Small huko Marekani likaitenga sumu yenyewe: mikolaktoni.

Sumu hii inafanya kazi namna gani? Inafunga mulango ambao seli inapitishia protini zake nyingi. Seli za kinga zinashindwa kuitana, na nyama ya chini ya ngozi inakufa kimya. Mwaka wa 2014, watafiti walionyesha pia kwamba inatuliza mishipa ya fahamu. Ndiyo maana mugonjwa haumii. Sumu yenyewe inaficha kazi yake.

Sasa tuje ku tofauti za maeneo. Jeni za kutengeneza mikolaktoni hazikai kwenye kromosomu. Ziko kwenye plasmidi, kipande cha ADN cha pembeni. Hilo lilijulikana mwaka wa 2004. Na mwaka mumoja mbele, 2003, watafiti walikuwa wamelinganisha bakteria za nchi mbalimbali: za Afrika zinatoa mikolaktoni A/B, za Australia zinatoa hasa C, ya China inatoa D. Ile C inakosa kipande kidogo tu chenye oksijeni, lakini mu maabara nguvu yake ya kuharibu seli ni ndogo kuliko A/B. Sisi Waafrika ndio tulioangukia ile kali. Na ni huku Afrika ndiko ugonjwa unaripotiwa zaidi kuingia mpaka ndani ya mifupa.

Lakini tusiiwekee sumu muzigo wote. Victoria mugonjwa anafika haraka kwa munganga. Kwetu njia ni ndefu, pesa ni kidogo, na watu wengi wanasema ni uchawi. Huku Afrika karibu nusu ya wagonjwa ni watoto wasiofika miaka 15. Sumu inaondoa maumivu, umasikini unaongeza miezi ya kungojea, na mutoto anabaki na mukono uliokunjika.

Na Congo haikukaa tu kutazama. Bakteria hii inapenda baridi kidogo, digri 30 hadi 33. Mwaka wa 1974, Wayne Meyers na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa 8 wa Zaire waliotibiwa kwa kupashwa joto mahali pa kidonda, bila kukatwa nyama. Wazo hilo lilitoka ku tabia ya bakteria yenyewe. Leo matibabu ni dawa mbili za kumeza, rifampisini na klaritromisini, kwa wiki 8. Kama mugonjwa akifika mapema, mara nyingi anapona bila operesheni kubwa.

Kwa hiyo, wewe uliyesoma, siku utarudi mu kijiji karibu na maji yanayotembea polepole, uliza juu ya vivimbe visivyouma. Mu ugonjwa huu, mutoto akisema "hainiumi", ndio wakati wa kumupeleka hopitali.