Sauti Chini ya Rangi

Wengi wetu tuliokulia karibu na wazee wenye santuri tunaijua picha ya mbwa aliyekaa mbele ya gramafoni, amekiinamisha kichwa, anasikiliza. Siti binti Saad alipotoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, kampuni iliyomrekodi ilikuwa ya alama hiyo. Lakini mbwa yule alikuwa na kwao, na habari za nyumba yake zina neno kwa nyumba zetu za Kikristo.

Aliitwa Nipper, alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1884. Bwana wake, Mark Barraud, alifariki mwaka 1887, na mbwa akalelewa na Francis Barraud, ndugu wa marehemu, aliyekuwa mchoraji. Nyumbani kwa Francis ilikuwapo fonografu, mashine iliyobuniwa na Thomas Edison mwaka 1877. Fonografu hiyo haikutumia sahani bali mche wa nta, na mtu aliweza kusema mbele yake, sindano ikachora sauti yake kwenye nta, kisha akajisikiliza. Francis alimwona Nipper akishangaa sauti inatoka wapi. Mbwa alikufa mwaka 1895. Miaka kama mitatu baadaye Francis alimchora, na picha akaiita Sauti ya Bwana Wake.

Watu wamependa kusimulia kwamba Nipper alikuwa akiisikia sauti ya Mark, marehemu. Hadithi hiyo inagusa moyo, lakini mwaka 1887 mashine hizo zilikuwa hazijaenea majumbani, na Francis mwenyewe hakusema hivyo.

Mwaka 1899 kampuni ya gramafoni ya London ilikubali kuinunua picha kwa sharti moja: fonografu ifutwe, ichorwe gramafoni. Francis alipaka rangi juu ya mashine ya zamani. Badiliko hilo si dogo. Gramafoni ya nyumbani ilicheza sahani zilizotengenezwa kiwandani tu. Haikuweza kunasa sauti ya baba, mama au mtoto. Hata hivyo, mwanga ukiiangukia picha ile vizuri, alama za fonografu bado huonekana chini ya rangi.

Hapa ndipo tunapopaswa kujipima. Leo simu zetu zinatuletea mahubiri na kwaya kutoka kila upande, nasi tunamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini nyumba inaweza kujaa sauti za watumishi wa mbali, huku watoto hawajawahi kumsikia baba yao akiomba. Martin Luther alizuru parokia za Saksonia, akaona wengi hawajui hata Sala ya Bwana. Katekisimo Ndogo aliyoitoa mwaka 1529 inamwelekeza mkuu wa nyumba aifundishe jamaa yake kwa maneno rahisi. Hakuiachia kazi hiyo mimbari peke yake.

Katika Yohana 10 Bwana Yesu anasema kondoo zake huijua sauti yake. Watoto wetu wataanza kuizoea sauti hiyo kupitia sauti wanazozijua: ya bibi anayesimulia habari za Yusufu, ya mama anayeshukuru kabla ya chakula, ya baba anayesoma zaburi kwa kusitasita. Basi jioni hii tuzime simu kwa robo saa, tufungue Biblia, na kila mmoja wa nyumbani asikike.