Baipasi ya moyo: Jinsi mshipa wa mguuni ulivyogeuka mkombozi

Huenda umewahi kusikia mgonjwa wa moyo "amefanyiwa baipasi". Je, ni kitu gani hasa?

Moyo nao unahitaji damu. Mishipa yake ikiziba kwa mafuta, msuli unakosa oksijeni na unaweza kufa. Kwenye baipasi, daktari anachukua mshipa kutoka sehemu nyingine ya mwili na kuushona ili damu ipite pembeni ya palipoziba, kama gari linavyochepuka barabara ikifungwa.

Wazo hili si geni. Mwaka 1910 Mfaransa Alexis Carrel aliripoti kulijaribu kwa mbwa. Lakini kwa binadamu kulikuwa na kikwazo kikubwa: madaktari hawakuweza kuona vizuri mshipa umeziba wapi.

Ajali iliyofungua njia

Oktoba 30, 1958, mjini Cleveland, Marekani, Dk Mason Sones alikuwa anampima mgonjwa kwa kutumia mrija mwembamba na dawa inayoonekana kwenye eksirei. Ghafla ncha ya mrija ikaingia kwenye mshipa wa moyo wenyewe, na dawa ikamiminika humo.

Wakati huo iliaminika kosa kama hilo linaweza kuua. Moyo ukasimama kwa sekunde chache. Sones akamwambia mgonjwa akohoe. Akakohoa, moyo ukaanza tena kudunda.

Kumbe inawezekana! Kuanzia hapo, madaktari wakawa na njia ya kuona palipoziba.

Waliotangulia

Mwaka 1960 mjini New York, Robert Goetz aliunganisha mshipa wa kifuani na wa moyo kwa kutumia pete ndogo ya chuma. Upasuaji ulifanikiwa, lakini wenzake walimkosoa na hakuurudia.

Mwaka 1964 huko Leningrad, Vasilii Kolesov aliishona mishipa hiyo kwa mkono huku moyo ukiendelea kudunda.

Daktari wa kijijini

Aliyeifanya baipasi ienee ni René Favaloro, raia wa Argentina. Kabla ya hapo alitibu watu katika kijiji kimoja nchini Argentina kwa miaka 12, kisha akaenda Cleveland mwaka 1962. Huko alitumia saa nyingi kutazama picha za Sones.

Mei 9, 1967 alimpasua mwanamke wa miaka 51 ambaye mshipa wake wa kulia wa moyo ulikuwa umeziba. Alichukua kipande cha mshipa wa mguuni na kukitumia kurudisha njia ya damu. Mbinu hiyo ikaboreshwa na kusambaa duniani.

Favaloro alirudi nyumbani mwaka 1971 na kuanzisha taasisi ya moyo. Alifariki Julai 2000 akiwa na miaka 77, taasisi hiyo ikiwa imelemewa na madeni.

Leo hali ikoje?

Mshipa wa mguuni bado unatumika, ila ule wa kifuani hudumu zaidi. Hapa Afrika Mashariki, baipasi inafanyika pia Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI).

Jambo moja usisahau: baipasi haiondoi ugonjwa, inaupita tu. Mgonjwa akiendelea kuvuta sigara au kuacha dawa za presha, hata mshipa mpya unaweza kuziba.